Kabla Hujamweleza Mtoto: Utangulizi wa Elimu ya Majumba ya Sanaa

Tuanze na vizibo vya chupa. El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameipitisha Nsukka, Nigeria, huchukua vizibo vya chupa za pombe, akavigonga vikawa bapa, akavikunja, akavitoboa na kuviunga kwa waya wa shaba hadi vikawa shuka la kufunika ukuta mzima. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni vazi la mfalme. Ukisogea unaanza kusoma majina ya pombe. Mwanafunzi wa darasa la tano hahitaji kuambiwa lolote ili atoke kwenye vazi afike kwenye vizibo. Miguu yake inamtosha. Akifika, atasema kitu. Pengine atauliza, "Mwalimu, hizi si takataka?" Pengine atataka kujua ni nani aliyekunywa pombe yote hiyo. Fani ninayokukaribisha humu inaanzia hapo hapo: mtu mzima aliyesimama pembeni alifanyie nini swali hilo?

Mazoea yetu ni kulijibu. Tutamwambia kwamba pombe ilikuwa bidhaa katika biashara iliyozifunga pamoja Afrika, Ulaya na Amerika, biashara ya watumwa ikiwamo, na kwamba msanii mwenyewe hugusia jambo hilo anapoieleza kazi yake. Yote hayo ni kweli, tena ni mazito. Lakini yakimtangulia mtoto yanageuka notisi nyingine ya kunakili, na vizibo vinabaki ukutani bila wa kuvitazama. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue anabishana na nani: mtoto aseme kwanza, maarifa yafuate, na yafuate kweli, yasiachwe njiani kwa kisingizio cha kumpa mtoto uhuru. Mambo mengi ya fani hii, kuanzia historia yake hadi ugomvi wake wa ndani, yanahusu mpangilio huo wa nani atangulie kusema.

Elimu ya majumba ya sanaa ni kazi ya kuwakutanisha watu, hasa wanafunzi wa shule, na kazi za sanaa pale zilipo. Kuchora kumo, kutembea kumo, mazungumzo yamo kwa wingi kuliko vyote. Katika majumba makubwa ya London au New York kazi hii ina idara, bajeti na vyeo. Kwetu mara nyingi ni mtu mmoja, ambaye ndiye pia anayefungua lango na kupokea simu. Inatofautiana na elimu ya makumbusho ya kale kwa jambo moja kubwa. Ukiwapeleka wanafunzi Olduvai, fuvu lina umri wake na wataalamu wameupima; mwanafunzi anayetaja umri mwingine amekosea. Mbele ya sanaa ya kisasa, aliyeitengeneza kazi mara nyingi yuko hai, anaweza kuulizwa, na huenda jibu lake la leo si la mwaka jana. Anatsui hawapi watundikaji wa kazi zake maelekezo ya namna moja. Huwaachia waikunje na kuining'iniza wanavyoona inafaa, kwa hiyo shuka lile lile huwa jipya kila linapohamia jumba jingine. Mwalimu aliyezoea kitabu cha majibu hapo hana pa kushika. Mwanafunzi anapo.

Kuna kauli itakayokukuta mapema, nayo ni "Hata mimi naweza kutengeneza hii." Wengi wa fani wakiisikia hununa. Mimi huipenda, kwa sababu ni hoja kuhusu ustadi, na hoja ya namna hiyo hujibiwa kwa kujaribu. Mpe aliyesema vizibo thelathini, msumari, nyundo na kipande cha waya. Haitachukua muda atagundua kwamba kutoboa bati bila kulichana kunataka mkono, na kwamba kazi ya ukubwa ule haimalizwi na mtu mmoja. Ndipo atakapouliza ni akina nani waliomsaidia Anatsui, na kama majina yao yameandikwa mahali. Swali hilo la mwisho wahakiki wenyewe bado wanalihangaikia.

Historia ya fani hii ina mwanzo usiopendeza sana. Mwaka 1881 kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza kuonyesha picha katika madarasa ya shule ya parokia yao ya St Jude's, huko Whitechapel, mashariki mwa London, mtaa wa mafukara na wahamiaji. Nia ilikuwa njema, na ilikuwa ya kuwatazama watu kutoka juu: picha nzuri zingewainua maskini. Walifungua hata siku za Jumapili, jambo lililowakera wacha Mungu wa wakati huo. Maonyesho hayo ndiyo yaliyozaa Whitechapel Gallery, iliyofungua milango yake mwaka 1901. Kwa hiyo jumba ambalo baadaye lilikuja kuwa chuo cha waelimishaji wengi lilianzia kwenye chumba cha darasa, na lilianza kwa kudhani kwamba mgeni wake amekuja mikono mitupu. Dhana hiyo haijafa. Utaisikia katika hotuba za ufunguzi, mgeni rasmi akisema tumewaletea watoto utamaduni, kana kwamba walikuwa wakiishi bila huo.

Ng'ambo ya Atlantiki, mwelimishaji Victor D'Amico aliingia Museum of Modern Art ya New York mwaka 1937 na hakuondoka mpaka 1969. Kinachokumbukwa zaidi ni Children's Art Carnival, aliyoianzisha mwaka 1942. Ilikuwa na lango lililokatwa kwa umbo la miili ya watoto, na wazazi waliachwa nje. Ndani mlikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa na mwanga hafifu, imejaa vitu vya kuchezea vilivyobuniwa ili kuyaamsha macho na mikono kwa rangi, umbo na mwendo. Ya pili ilikuwa karakana: meza, rangi, karatasi, gundi. Hapakuwa na mashindano, wala kielelezo cha kunakili. Carnival ilisafiri hadi Milan, Barcelona na Brussels, na mwaka 1963 ikafika India. Mwaka 1969 ikapata makao Harlem, chini ya uongozi wa msanii Betty Blayton-Taylor. Lile lango napenda kulitaja kwa wanafunzi wangu kwa sababu linasema waziwazi jambo ambalo mitaala yetu hulizungukazunguka: uwepo wa mzazi au mwalimu hubadilisha anachothubutu kusema mtoto. Hata hivyo D'Amico ana deni. Mtoto anaweza kufurahia karakana asubuhi nzima akarudi nyumbani bila kuitazama hata kazi moja iliyomo jumbani, na programu nyingi za leo, zenye penseli za rangi na juisi, zimerithi udhaifu huo bila kurithi ubunifu wake.

Mfano uliokwenda mbali kuliko wote ulikuwa wa Stockholm. Oktoba 1968 Palle Nielsen, msanii wa Denmark, aliugeuza ukumbi wa Moderna Museet uwanja wa michezo ya kujenga: mbao, misumari, rangi, sponji za kurukia, vinyago vya kuvaa, vipaza sauti ambavyo watoto waliviendesha wenyewe. Kwa majuma matatu watoto wapatao 20,000 walipita pale. Nielsen alikiita kitendo hicho mfano wa jamii bora, na kusema kweli kelele zake zilikuwa hoja yake. Hakikudumu, wala hakikukusudiwa kudumu.

Kilichodumu kilijengwa polepole zaidi. Nicholas Serota alipokuwa mkurugenzi wa Whitechapel, kuanzia 1976, na Jenni Lomax akiongoza shughuli za elimu kuanzia 1979, jumba lile lilianza kuwapeleka wasanii walio hai katika shule za mitaa iliyolizunguka, mitaa ambayo kufikia wakati huo ilikuwa na watoto wengi wa asili ya Bangladesh. Msanii hakwenda kutoa hotuba. Alikwenda kufanya kazi yake mbele ya wanafunzi na pamoja nao. Mwaka 1989 waelimishaji wa Uingereza wakaunda chama chao, engage, na fani ikawa na jina, mikutano na jarida. Upande wa Brazil, Ana Mae Barbosa, aliyeongoza jumba la sanaa ya kisasa la Chuo Kikuu cha São Paulo kati ya 1987 na 1993, alisisitiza kwamba kutengeneza, kusoma picha na kuijua historia yake viende pamoja, kisitangulie kimoja kikameza vingine. Barbosa alikuwa mwanafunzi wa Paulo Freire, na Freire, kabla ya kuwafundisha watu wazima herufi, aliwaonyesha picha za maisha yao wenyewe, zilizochorwa na msanii Francisco Brennand, wakazijadili. Freire alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mawazo yake yaliwavutia wengi walioshughulika na elimu ya watu wazima wakati huo. Walimu wetu wakongwe watayatambua mazungumzo ya namna hii, hata kama hawajawahi kukanyaga jumba la sanaa.

Sasa twende kwenye ugomvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu Museum of Modern Art, alikabiliwa na taarifa isiyofurahisha: wageni walizipenda sana ziara za kuongozwa, lakini walikumbuka kidogo sana cha kile walichoelezwa. Alishirikiana na Abigail Housen, mtafiti wa saikolojia aliyekuwa akiwahoji watu wanachowaza wanapotazama picha. Kutokana na ushirikiano huo ikatoka njia inayotumia maswali matatu. Kuna nini kinachotokea katika picha hii? Umeona nini hata ukasema hivyo? Nini kingine tunaweza kukiona? Mwongozaji huonyesha kwa kidole kila kinachotajwa, hurudia kwa maneno yake alichosema mwanafunzi, huunganisha maoni ya huyu na ya yule, na hasemi "vizuri sana" wala "hapana". Swali la pili ndilo lenye nguvu. Linamwondoa mtoto kwenye kubahatisha jibu la mwalimu, linampeleka kwenye ushahidi.

Wanaoipinga njia hii, wakiwamo Rika Burnham na Elliott Kai-Kee katika kitabu chao cha mwaka 2011 kuhusu ufundishaji katika majumba ya sanaa, wanaona maswali matatu yasiyobadilika yanaweza kumfunga mwalimu mikono, na kwamba kumnyima mtoto habari anazozihitaji ni namna nyingine ya kutomheshimu. Nipo karibu nao kuliko walivyo karibu wanafunzi wangu, ambao huyapenda maswali matatu kwa kuwa yanakaririka. Tazama kazi ya msanii Ai Weiwei iliyowekwa Tate Modern mwaka 2010. Tate Modern imo katika mtambo wa zamani wa kufua umeme kando ya mto Thames, na ukumbi wake mkubwa ndimo zilimokuwa mashine. Sakafu ya ukumbi huo ilimwagwa vitu vinavyofanana na mbegu za alizeti, visivyohesabika. Waache watoto wataje wanachokiona na utasikia mbegu, chakula cha ndege, ufuko, vumbi. Wanaweza kuzunguka hapo hapo saa nzima. Hakuna kutazama kwa aina yoyote kutakakowaambia kwamba kila mbegu ni ya kauri, kwamba zilikuwa milioni 100, kwamba watu wapatao 1,600 wa mji wa Jingdezhen nchini China walizifinyanga na kuzipaka rangi kwa mkono moja baada ya moja, au kwamba katika picha za propaganda za Mao yeye alikuwa jua na wananchi alizeti zinazomgeukia. Mambo hayo lazima yasemwe na mtu. Lini? Mimi husubiri mpaka mtoto mmoja aokote mbegu, au atamani kuiokota, na aseme ni nzito au ni baridi. Hapo habari ya kauri inaangukia mahali palipokwisha kulimwa. Ile ya Mao hungoja zaidi, na kwa darasa la nne pengine haifiki kabisa.

Kazi hiyo ina funzo jingine ambalo waelimishaji hulipita haraka. Wageni waliruhusiwa kutembea juu ya mbegu, kisha baada ya siku chache ikagundulika kwamba vumbi la kauri lingeweza kudhuru mapafu, na eneo likazungushiwa kamba. Mtoto aliyekwenda wiki ya kwanza na wa wiki ya tatu walikutana na kazi mbili. Darasa linaloambiwa hivyo huanza lenyewe kubishana kama kazi imeharibika au imepata maana mpya: watu 1,600 walilivuta vumbi gani?

Msomaji wa Kiswahili asidhani mambo haya yote yametoka ng'ambo. Mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yake, kuanzia enzi za kabla ya ukoloni hadi Lumumba na baada ya Lumumba, na akakaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian wakaizungumzia picha moja moja kwa Kiswahili cha Shaba, kinasa sauti kikiwa wazi. Fabian alichapisha picha na mazungumzo hayo mwaka 1996. Ukiyasoma utaona mambo yote tunayojaribu kuwafundisha wanafunzi: muulizaji anauliza hiki ni nini, mchoraji anajibu, muulizaji anashuku, mchoraji anarudi kwenye picha kuonyesha alichokiweka na alichokiacha makusudi. Kwangu mimi hicho ni kitabu cha kiada cha fani hii, tena kilichozungumzwa katika lugha ya soko la Katanga. Lubumbashi imeendelea kuwa hai: biennale yake ilianza mwaka 2008 kupitia chama cha Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake.

Huku mashariki, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, alianzisha na wenzake kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Wito wake maarufu ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nimeuona wito huo ukitajwa mara nyingi kuliko unavyofuatwa. Dar es Salaam ilikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambako George Lilanga alikuza vile viumbe vyake vyenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha. Tangu mwaka 2008 jiji hilo lina Nafasi Art Space, Mikocheni, yenye makontena yaliyogeuzwa kuwa karakana za wasanii. Nairobi ilipata Kuona Trust mwaka 1995, GoDown mwaka 2003, na baadaye taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Armitage huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti ya Uganda. Gome lina matundu na mishono, na mtoto huyaona matundu kabla ya kuona mchoro. Mwache aanzie huko.

Makontena ya Mikocheni yananipa faida ambayo Tate haina: msanii yupo, mikono ina rangi, na mwanafunzi anaweza kumwuliza ameuza shilingi ngapi. Walimu huona haya wakisikia swali hilo. Lisizuiwe. Kwa mtoto anayeambiwa nyumbani kwamba kuchora ni kupoteza muda, ndilo swali la maana kuliko yote atakayouliza siku hiyo.

Nirudi kwenye onyo la Njau, maana hapo ndipo programu nyingi huharibika. Cyrus Kabiru wa Nairobi anajulikana kwa miwani anayoiunda kwa vyuma chakavu na vipande vya vifaa vya umeme. Utotoni aliitamani miwani akaishia kujitengenezea yake. Baada ya kuwaonyesha wanafunzi kazi zake, warsha ya kawaida huwaambia: haya, tengenezeni miwani. Matokeo ni miwani arobaini ya waya, picha nzuri za kumtumia mfadhili, na mtoto aliyejifunza kwamba sanaa ni kufuatisha. Mwelimishaji aliyekomaa huchukua swali la Kabiru badala ya miwani ya Kabiru. Ni kitu gani ulikitaka ukakikosa, na takataka za mtaa wako zinaweza kukipa umbo gani? Mmoja ataleta gari, mwingine simu, mwingine kitu asichotaka kukitaja. Warsha itakuwa na fujo zaidi. Na mfadhili atapata picha zisizofanana.

Kazi ninayoitamani zaidi kuifikisha kwa wanafunzi wa pwani ni ya Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Turner. Kanga imo katika kazi zake kwa njia nyingi. Lakini ninayoitaja hapa ni Naming the Money ya mwaka 2004: watu 100 waliochorwa kwa ukubwa wa mtu halisi na kukatwa kwa mbao, wakasimamishwa ukumbini ili mgeni apite katikati yao. Ni Waafrika waliopelekwa kutumikia majumba ya matajiri wa Ulaya, wamegawanyika makundi kumi ya kazi: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafinyanzi, wafunza mbwa na wengineo. Kila mmoja ana jina lake la asili na jina alilopewa na bwana, na mgongoni ana karatasi ya hesabu inayomsema.

Zoezi lake ni rahisi na ni gumu. Kila mwanafunzi achague mtu mmoja, amzunguke, akisie kazi yake kwa mavazi na vitu alivyoshika, ampe jina, ndipo asome mgongoni. Kukisia kwanza ni muhimu, kwa kuwa mtoto akisoma karatasi kwanza hatamtazama usoni. Na baada ya kusoma wengi hawakubali kuliacha jina walilompa. Mwalimu wa historia wa Unguja anayefundisha habari za soko la watumwa la Mkunazini anaweza kulifanya zoezi hilo kwa picha zilizochapishwa tu. Halitakuwa sawa na kupita katikati yao, lakini litakuwa bora kuliko mistari mitano ya kitabu cha kiada.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Maandishi ya ukutani katika majumba yetu mengi ni ya Kiingereza, na shule za sekondari Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, hivyo mwalimu hulazimika kuendesha mazungumzo kwa lugha hiyo. Mbele ya kazi ya sanaa hilo ni kosa la kitaaluma. Mtoto abishane kwa lugha anayobishania nyumbani. Tafsiri ifanywe baadaye, na mwalimu.

Mengine ni ya utendaji. Mwalimu aende jumbani peke yake kwanza, achague kazi tatu badala ya thelathini, na ajue choo kiko wapi. Darasa la wanafunzi sitini ligawanywe. Mazungumzo ya kweli hayavuki watoto kumi na watano. Dakika ishirini kwa kazi moja huonekana nyingi mpaka uzijaribu. Wazazi waelezwe mapema kama kuna picha za miili isiyovaa nguo au zinazogusa dini, kwa lugha ya kawaida, kabla uvumi haujawafikia. Mzazi aliyeshirikishwa hukataa mara chache kuliko tunavyohofia, na akikataa ana haki yake. Nauli ya basi ndiyo kikwazo kikubwa kuliko nadharia yoyote niliyoitaja humu, na asiyeiweka katika bajeti asijiite mwelimishaji.

Je, inafaa gharama hiyo? Kwa muda mrefu fani ilijibu kwa simulizi za watoto waliotabasamu. Mwaka 2011 jumba la Crystal Bridges lilifunguliwa Bentonville, Arkansas, eneo lisilokuwa na jumba kubwa la sanaa, na shule zilizoomba ziara zikazidi nafasi. Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen wa Chuo Kikuu cha Arkansas wakashauri kura ipigwe: shule zinazofanana zipangwe pamoja, nyingine zije sasa, nyingine zingoje. Walipata wanafunzi 10,912 wa shule 123. Wiki kadhaa baada ya ziara waliwapa wote mchoro ambao hakuna aliyekuwa ameuona, waandike wanachokiona. Waliokwenda jumbani walitaja mambo mengi zaidi na walikuwa wepesi zaidi kutoa sababu ya walichokisema. Tofauti ilikuwa ndogo kwa jumla, ila kwa watoto wa shule za vijijini ilikuwa kubwa mara kadhaa. Walikumbuka pia. Asilimia 88 ya walioonyeshwa mchoro wa watu kambini wakitengeneza sukari ya utomvu wa mti walijua, wiki hizo baadaye, kwamba wapinga utumwa waliihimiza sukari hiyo ili kuikwepa ile ya mashamba ya watumwa. Hakukuwa na mtihani, na hakuna aliyewaambia wakariri.

Utafiti huo una mipaka. Ulipima ziara moja, katika jumba tajiri lililolipia basi na chakula cha mchana, na hausemi lolote kuhusu mwanafunzi anayerudi mara tano au msanii anayekaa shuleni muhula mzima. Wala sidhani matokeo ya Bentonville yanahamishika yalivyo hadi Bagamoyo au Kisumu. Lakini mbinu yake inahamishika kesho asubuhi, na haitaki fedha za Arkansas. Kwetu basi ni moja na shule zinazolitaka ni nyingi, kwa hiyo uchaguzi utafanyika tu, kwa kujuana au kwa kura. Ukifanyika kwa kura, na mtu akaitunza orodha ya shule zilizokosa, tayari ana kundi la kulinganisha. Kilichobaki ni picha moja ambayo hakuna mtoto aliyeiona, karatasi na kalamu, na mtu wa kukaa azisome zote.